Waliitwa Wasomaji



Leo nataka tuanze na neno moja. Kihaya chetu kinasema kushoma, Kiswahili kinasema kusoma, na majirani zetu Waganda wanasema okusoma. Ni neno moja lenye baba mmoja. Dini ya Kikristo ilipoingia Buganda katika karne ya 19, mtu aliyeikubali alisemwa kwamba anasoma. Wakristo wakaitwa wasomaji. Hadi leo Mganda akikuambia asubuhi ya Jumapili kwamba anakwenda kusoma, usimtafutie kalamu wala daftari, maana anakwenda kanisani.

Jina hilo lilivuka na kufika huku kwetu. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910. Lakini Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya hawakuwangoja Wajerumani hao. Walikuwa vijana waliokwenda Uganda kwa shughuli zao, wakajifunza kusoma huko, wakarudi nyumbani na vitabu vya Kiganda. Wakakaa wawili watatu wakavisoma. Hawakuwa na mchungaji wala kengele, na kanisa lenyewe halikuwapo. Walichokuwa nacho ni kitabu, na mtu wa kumuuliza mwenzake maana yake.

Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896. Kuna toleo lake moja lililochapwa kwa umbo fupi na nene, kwa makusudi, ili liingie ndani ya kopo la biskuti. Sababu yake ni mchwa na panya. Mtu alikuwa anafunika kopo lake vizuri akijua kwamba kesho atalifungua tena.

Nimekumbuka kopo hilo kwa sababu wiki mbili zilizopita nilikuwa katika nyumba moja mtaa wa Kashai, nyumba nzuri ya watu waungwana, nikaiona Biblia kubwa juu ya kabati la vyombo. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake limewekwa ua la plastiki. Mchwa hawawezi kuifikia pale, na wenye nyumba nao hawaifikii. Mama mwenye nyumba aliniambia huishushwa kukiwa na msiba.

Wasikilizaji wangu Waislamu, naomba mnivumilie, mada ya leo ni ya jirani yenu. Ingawa ninyi mtanielewa upesi, kwa kuwa mnajua tofauti ya kuwa na msahafu ndani ya nyumba na kuhudhuria darasa.

Sasa nieleze ninachotaka kusema. Nazungumzia kujifunza Biblia kwa utaratibu: siku maalumu kila wiki, kitabu kimoja kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, watu wachache walioketi pamoja, na kila mmoja akiwa na ruhusa ya kuuliza. Sizungumzii mahubiri ya Jumapili, ambapo anasema mmoja na sisi wengine tunaitikia. Sizungumzii pia ule mtindo wa kufumba macho, kufungua ukurasa wowote na kuweka kidole, kama mtu anayechezesha bahati nasibu.

Katika Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa wa kazi ya kujifunza kwa namna hiyo. Mwezi Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja alikuwa Mganda, Simeoni Nsibambi. Mwingine alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, naye wakati huo alikuwa amechoka na kukata tamaa. Wakaketi na Biblia, wakafuatilia pamoja yale yanayosemwa humo juu ya Roho Mtakatifu, andiko moja baada ya jingine. Fikirini ulikuwa mwaka gani. Mzungu na Mwafrika wakiketi kama wanafunzi wawili wa darasa moja, hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza mwaka 1929.

Wanahistoria wengi wanautaja mkutano huo kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowazaa Walokole. Ulienea Rwanda na Uganda, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 ukaingia Buhaya. Dakta Church mwenyewe alitunga mwongozo wa masomo ya Biblia uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1938, na jina lake kwa maana lasema kwamba kila mtu awe mwanafunzi wa Biblia. Kila mtu, maana yake na mpishi, na mkulima wa kahawa, na mama asiyejua herufi ambaye mtoto wake atamsomea.

Walokole walikuwa na makelele yao, na wazee wetu wengine hawakuwapenda. Walimwamsha mtu usiku aje kuungama. Walimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba yeye bado hajaokoka. Mimi sitetei kila walilofanya. Lakini katika vikundi vyao mtumishi na bwana wake walisoma aya ileile, na kila mmoja aliulizwa inamwambia nini. Kutoka katika mazingira hayo ndipo alipotokea Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba, aliyeguswa na Uamsho huo katika miaka ya 1940. Mwaka 1964 alimpokea kijiti Askofu Bengt Sundkler, Mswidi, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kilutheri la huku kwetu. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, akaishika hadi 1984.

Kwa Wakatoliki njia ilikuwa nyingine na ndefu zaidi. Zamani zile Biblia haikuwa kitabu cha kushikwa na kila muumini. Katekisimu ndiyo iliyokaririwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulibadili jambo hilo, na mwaka 1965 ukatoa hati iliyotaka waamini wote wafunguliwe mlango wa Maandiko. Mmoja wa waliohudhuria Mtaguso huo ni mwana wa Muleba, Laurean Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 1960, wa kwanza katika Afrika nyeusi katika nyakati zetu hizi. Kisha maaskofu wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, wakaamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa uchungaji wao. Nyumba kumi na tano, ishirini, zikutane kila wiki, zisome Injili ya Jumapili inayokuja, zijadiliane. Ndiyo sababu leo ukipita asubuhi ya Jumamosi kuanzia Rwamishenye hadi Kamachumu utaona viti vya plastiki vimepangwa chini ya mwembe au katikati ya migomba.

Utaona pia, samahani akina baba, kwamba waliokaa juu ya viti hivyo karibu wote ni akina mama. Akina baba tunafika wakati wa kuchangia harusi.

Basi, kuna faida gani katika kukutana huko? Nitawapa habari moja niliyoishuhudia mwenyewe katika wilaya ya Muleba. Sitataja kijiji wala mtu, kwa kuwa walionikaribisha hawakunikaribisha ili niwaanike.

Kilikuwa kikundi cha watu kumi na wawili, wanaokutana jioni ya Alhamisi. Walikuwa wakisoma kitabu cha Hesabu. Mtaniuliza, nani anasoma Hesabu? Hata mimi nilijiuliza, maana ni kitabu cha majina na idadi za watu, na mwenzangu niliyefuatana naye alisinzia. Jioni ile walifika sura ya 27. Hapo tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amefia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume. Mabinti wale wakajitokeza mbele ya Musa, mbele ya kuhani na viongozi na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee na kwa nini wao wasipate ardhi katikati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwajibu papo hapo. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti wanasema kweli, wapewe.

Kikundi kikanyamaza. Niligundua baadaye sababu yake. Miongoni mwa watu kumi na wawili wale alikuwamo binti ambaye baba yake alifariki bila kuacha mtoto wa kiume, na alikuwamo pia baba yake mdogo, ambaye pamoja na wenzake wa ukoo walikuwa wakikidai kile kibanja. Wasikilizaji wa mbali labda hawajui kibanja cha Mhaya ni nini. Ni migomba, ni kahawa, ni nyumba, na ni makaburi ya babu zako palepale. Mhaya hafikirii kibanja kama kiwanja cha mjini.

Baba mdogo yule alikuwa na akili. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, nimesikia. Lakini tusiishie hapa. Kitabu hiki hakijaisha." Akawaomba waendelee wiki zilizofuata. Na kweli, kitabu hicho kina sura ya 36, ambayo ndiyo ya mwisho. Humo wazee wa ukoo wa mabinti wale wanakuja na malalamiko yao: mabinti hawa wakiolewa na watu wa kabila jingine, ardhi yetu itaondoka nao. Jibu likatolewa tena, kwamba malalamiko ya wazee nayo ni ya haki, mabinti waolewe na wamtakaye, ila ndani ya kabila la baba yao.

Siku ya sura hiyo nilirudi, sikutaka kuikosa. Baba mdogo alisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima, mjane, akauliza swali moja tu: "Mzee, hapo umesoma kwamba mabinti walinyang'anywa?" Akaangalia tena. Hawakunyang'anywa. Sura ya 36 haikufuta ya 27. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mazungumzo ya watu wazima. Walizungumza saa mbili nzima, juu ya hofu ya ukoo kumwona mgeni akilima juu ya makaburi ya wazazi wao, na juu ya hofu ya binti kufukuzwa katika nyumba aliyozaliwa. Taa iliisha mafuta, wakawasha tochi za simu.

Miezi michache baadaye niliambiwa kwamba kikao cha ukoo kilimwachia binti kibanja, naye akaahidi kwamba siku akitaka kuuza, ukoo utaambiwa kwanza.

Wanaoijua sheria watakumbuka kwamba shauri la namna hii limewahi kutoka Muleba hiihii na kuwa maarufu nchi nzima. Mila za Wahaya, kama zilivyoandikwa na Cory na Hartnoll mwaka 1945 na baadaye kutangazwa rasmi mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini asiiuze. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke katika jambo hilo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume wa ukoo. Tazameni, jaji naye hakuufuta ukoo. Aliacha mlango ndugu yule aweze kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha za mnunuzi, kama ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa mwanamume.

Mahakama iliamua kwa Katiba na ile jumuiya iliamua kwa Hesabu. Sizichanganyi hizo mbili. Ninachotaka mkione ni hiki: lau wale watu wangesikia sura ya 27 peke yake katika mahubiri ya siku moja, binti angeondoka na silaha na baba mdogo angeondoka na kinyongo. Lau wangesikia ya 36 peke yake, ingekuwa kinyume chake. Ni kwa sababu walisoma kitabu chote, wiki baada ya wiki, wakiwa pamoja, ndiyo maana kila upande ulisikia la mwenzake. Mtu anayesoma kwa kuruka huokota aya anayoipenda, na aghalabu ile anayoipenda ni ile inayomsema jirani.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha, na lazima niuseme. Asiyesoma, kuna mtu atamsomea. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyokuwa imefungwa. Kanungu si mbali na sisi kwa namna watu wanavyosafiri. Katika kundi lile waumini walizuiwa kuzungumza, wakawa wanaelekezana kwa ishara, eti wasije wakavunja amri kwa ulimi. Mtu aliyekatazwa kusema atauliza swali namna gani? Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Na hapa kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi wao bila shaka walikuwa na Biblia nyumbani, labda na kitambaa cha kufuma juu yake.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, kuna watu wa mji wa Beroya. Aliwahubiria Paulo mwenyewe. Wakamsikiliza kwa moyo, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama anayosema Paulo ndivyo yalivyo. Na Biblia inawasifu kwa hilo. Ikiwa mtume Paulo alichunguzwa na akaridhika kuchunguzwa, basi nabii wa wiki hii aliyebandika picha yake kwenye nguzo za umeme pale stendi naye avumilie.

Kuna wasikilizaji wataniambia kwamba maneno haya ni ya watu wenye nafasi, sisi tunahangaika na maisha. Nawajibu kwamba mkoa huu umehangaika kuliko mingi, na watu walisoma. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa hapa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata zipo nyumba walizobaki bibi na wajukuu tu. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama. Septemba 10, 2016 tetemeko likabomoa nyumba zetu. Nimezungumza na wazee wengi waliopitia miaka ya ukimwi, na mara nyingi wanachokumbuka ni kwamba kikundi cha Alhamisi, au jumuiya ya Jumamosi, ndicho kilichojua kwamba mtu fulani hajaonekana wiki mbili. Kwa kuwa siku ilikuwa inajulikana, kiti kilichokuwa tupu kilionekana. Wakaenda kumwona, wakampelekea maji na uji.

Bibi mmoja wa Izigo aliniambia walisoma kitabu cha Ayubu mwaka mzima wakati ule. Nikamuuliza kama kiliwafariji. Akacheka, akasema hapana, kiliwafundisha kunyamaza kwenye msiba wa mtu, maana rafiki za Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizokaa naye bila kusema, wakaharibu walipofungua midomo.

Mwisho, kuna barua imetoka Nshamba. Kijana anasema wapo watano, wanataka kuanza, hawana mwalimu, wana Biblia mbili, moja ya Union ya mwaka 1952 na moja ya Habari Njema, na wanaogopa kukosea. Kijana, hizo Biblia mbili ni mali. Mmoja asome kwa hii, mwingine kwa ile. Mahali maneno yanapotofautiana ndipo pa kusimama na kuulizana. Msianze na Ufunuo, nakusihi. Anzeni na Marko, ni fupi na inakwenda mbio. Wekeni siku moja na msiihamishe kwa sababu ya mpira. Someni kwa sauti, mara mbili. Atakayeongoza wiki hii asiongoze wiki ijayo. Andikeni maswali mliyoshindwa kwenye daftari, na mara moja kwa mwezi mumpelekee katekista, mwinjilisti au mchungaji wenu. Atafurahi kuulizwa, ingawa siku ya kwanza atashtuka.

Marko ina sura 16. Kwa sura moja kila wiki mtaimaliza ndani ya miezi minne. Nawaomba mniandikie mtakapofika sura ya sita, maana vikundi vingi ninavyovifahamu hapo ndipo wanapobaki watatu.